UZI: Maharage yaliyoiva, kutoka kilo kwenda vikombe, lita na pawa (na kurudi)

Mpishi wa Zamu (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tuweke hesabu hii sawa hapa, maana kila mtu jikoni ana yake.

Sokoni maharage tunauziwa kwa kilo au kwa sado (kopo la lita 4). Mapishi ya mtandaoni yanasema "vikombe 3 vya maharage yaliyoiva". Kwenye kugawa tunatumia upawa. Vipimo vitatu, chakula kimoja. Maswali yangu:

1. Kilo 1 ya makavu inatoa kilo ngapi zilizoiva, na vikombe vingapi?
2. Kikombe kimoja cha yaliyoiva kina gramu ngapi?
3. Kuna sherehe ya send-off ya watu 200, wali na maharage. Ninunue kilo ngapi?

Maharage ni ya aina ya kablanketi. Jiko ni la mkaa, sufuria ya kawaida yenye mfuniko.

---

Bonde la Usangu

Rahisi tu dada. Kilo 1 inatoa kilo 3. Zidisha kwa tatu, umemaliza.

---

Mizani Sifuri

Hapana mkuu, tatu haifiki, labda uwe umepima na mchuzi. Hesabu yenyewe inakataa.

Maharage yaliyokauka vizuri yana unyevu wa asilimia 12 hivi. Kwa hiyo ndani ya kilo 1 kuna gramu 880 za maharage yenyewe, zilizobaki ni maji. Yakiiva vizuri yanakuwa maji theluthi mbili na maharage theluthi moja. Chukua 880, zidisha kwa 3: unapata gramu 2,640. Hapo ndipo mwisho wake, na ni pale tu ambapo hakuna hata chembe iliyopotea.

Lakini chembe zinapotea. Ule uzito wa mchuzi na rangi yake vimetoka ndani ya punje. Kwa hiyo ukichuja na kupima punje peke yake, kilo 1 inatoa kilo 2.3 hadi 2.5. Kwa kupanga bajeti mimi natumia 2.4.

Swali la pili: kikombe cha mililita 250, maharage yaliyoiva na kuchujwa, yamejazwa bila kushindiliwa na kusawazishwa juu, ni gramu 180 hadi 185. Kwa hiyo kilo 1 makavu = kilo 2.4 = vikombe 13 hivi.

Ila usisahau kikombe ni kipi. Mapishi ya Marekani yanahesabu kikombe cha mililita 237. Australia ni 250. Kikombe chako cha chai kinaweza kuwa 200 au 300, na hakina habari na wote hao.

---

Mpishi wa Zamu

Asante sana mkuu. Kikombe changu nakijuaje?

---

Mizani Sifuri

Kiweke kitupu kwenye mizani, bonyeza irudi sifuri, jaza maji. Gramu zinazosomeka ndizo mililita. Kama mizani haipo, chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Hayo maji yakigawanyika sawasawa kwenye vikombe viwili vilivyojaa, kikombe chako ni 250. Usitumie chupa uliyoijaza mwenyewe bombani mpaka mdomoni, hapo inabeba zaidi ya nusu lita.

Na upawa upime hivyohivyo. Pawa za sokoni zinafanana kwa macho tu.

---

Kamwene Iringa

Kamwene wote.

Naongezea jamii nyingine za kunde, maana watu wanachukua hesabu ya maharage wanaibandika kwenye choroko halafu sufuria inafurika. Hizi ni gramu kwa kikombe cha mililita 250, kimesawazishwa. Namba ya kwanza ni kavu, ya pili imeiva na kuchujwa, ya tatu ni uzito unaongezeka mara ngapi:

Maharage: 195–205 / 180–185 / mara 2.3–2.5
Kunde: 175 / 180 / mara 2.5–2.7
Mbaazi: 215 / 180 / mara 2.4–2.7
Dengu: 210 / 175 / mara 2.2–2.3
Adesi: 205 / 210 / mara 2.6–2.9
Choroko: 220 / 215 / mara 2.8–3.1

Angalia dengu na choroko. Kavu, vikombe vyao vinakaribiana uzito. Zikiiva, dengu imebaki 175 na choroko 215. Sababu ni umbo. Dengu inabaki ngumu kidogo na ina kona, punje haziingiliani, zinaacha nafasi nyingi za hewa katikati. Choroko na adesi ni ndogo na laini, zinalala moja juu ya nyingine mpaka nafasi zinaisha.

Halafu tuelewane kwenye majina. Ninaposema dengu ni zile zenye kincha kama mdomo wa ndege. Zile bapa ndogo kama kifungo ni adesi. Kuna maduka huku yanaziita zote dengu, na ukikosea hapo unakosea kilo nzima kwenye mapishi makubwa.

---

Bonde la Usangu

Sawa, kwenye mara tatu nimekubali, nilikuwa napima na mchuzi. Lakini kwani mchuzi si chakula? Mtu akipakuliwa maharage anapewa na mchuzi wake.

---

Mizani Sifuri

Ni chakula, na hapo ndipo penye kiini cha uzi huu, maana ndipo kilo na lita zinapoachana.

Chukua chombo cha lita 1. Kijaze maharage yaliyochujwa mpaka juu: kilo 0.74 hivi. Kwa macho kimejaa. Sasa mimina mchuzi taratibu kwenye hicho hicho chombo kilichojaa. Utashangaa, kinapokea karibu theluthi moja ya lita kabla hakijamwagika. Yale maharage yalikuwa yamechukua mililita 680 tu, zilizobaki ilikuwa hewa.

Pima tena: kilo 1.06. Lita ni ileile, maharage ni yaleyale, uzito umepanda zaidi ya gramu 300.

Kwa hiyo mtu akikwambia "lita moja ya maharage" muulize moja tu: yamechujwa au yana mchuzi? Yakiwa yamechujwa, zidisha lita kwa 0.74 upate kilo. Yakiwa na mchuzi uliofika usawa wa punje, lita 1 ni kilo 1.06, lakini maharage yenyewe humo bado ni kilo 0.74. Ukiyapima kwa mizani pamoja na mchuzi ukaita yote maharage, umejidanganya kwa asilimia 40 na kitu.

Na mchuzi ukizidi usawa wa punje, kama ilivyo kwenye sufuria nyingi za mabweni, huwezi kujua kitu kwa lita. Hapo unarudi kwenye kilo za makavu ulizoingiza.

---

Mpishi wa Zamu

Hiyo ya mwisho sijaielewa vizuri. Unarudije?

---

Mizani Sifuri

Kwa mfano. Umepika kilo 4 makavu. Zidisha kwa 2.4, una kilo 9.6 za punje zilizoiva, hata kama huzioni. Sufuria nzima ukiikoroga na kuipima kwa kijiti au kwa ndoo ni lita 16. Upawa wako ni mililita 150.

Lita 16 ukigawa kwa 0.15 ni pawa 106. Kilo 9.6 ukigawa kwa 106 ni gramu 90. Kila upawa una gramu 90 za maharage, kilichobaki ni mchuzi.

Hiyo ni kama anayepakua anakoroga kila mara mpaka chini. Asipokoroga, wa kwanza wanakunywa supu na wa mwisho wanakula matofali.

---

Mwanjelwa Nafaka

Mimi niongelee upande wa kununua, maana hesabu yote inaanzia pale.

Sado ni lita 4, debe ni lita 20. Maharage makavu ni kilo 0.78 hadi 0.82 kwa lita kutegemea ukubwa wa punje. Kwa hiyo sado iliyokatwa juu kwa kijiti ni kilo 3.1 hadi 3.3. Debe lililokatwa ni kilo 16 hivi. Likiwa na kilima juu linafika 17 au 18. Ndiyo maana muuzaji na mnunuzi wanaweza kutofautiana kilo mbili na wote wawili hawajadanganya: mmoja anaongelea debe la kukata, mwingine la kilima.

Vitu vinavyoharibu kipimo cha chombo:

Kitako cha sado kimebonyezwa kwa ndani. Ingiza mkono uguse. Kitako kikiwa kimepanda sentimita 2 kwenye sado yenye upana wa sentimita 17, umepoteza mpaka nusu lita, sawa na gramu 350 na zaidi.

Kumwaga polepole na kumwaga kwa kasi. Maharage yakidondoka kutoka juu na chombo kikatikiswa yanajipanga, yanaingia mengi. Yakimiminwa pembeni taratibu, kinajaa haraka na kidogo.

Unyevu. Maharage yaliyotoka shambani juzi yanaweza kuwa na unyevu wa asilimia 17. Kwenye kilo hiyo maharage yenyewe ni gramu 830 badala ya 880, kwa hiyo sufuriani yatapungua gramu 140 hivi kwa kila kilo. Ng'ata punje: iliyokauka inavunjika kwa mlio, mbichi inabonyea na kuacha alama ya jino.

Ukiweza, nunua kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, sado iwe ya kukadiria tu. Na pima tena baada ya kuchambua. Mawe, vipande vya maganda na punje zilizotobolewa na wadudu huwa uzito sokoni tu, chunguni hazina kazi.

---

Bonde la Usangu

Kilima cha sado nacho ni sayansi yake. Kuna mikono inapanga kilima kama paa la msonge 😂

---

Makete Baridi

Hamjagusa urefu wa mahali, na kwetu huku ndiyo habari yenyewe.

Maji hayachemki nyuzi 100 kila sehemu. Kila ukipanda mita 300, hupungua nyuzi 1 hivi. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye 94. Iringa mjini ni chini kidogo, kama 95. Makete na Njombe huku juu ni 93 hivi. Sufuria inatokota vilevile, mvuke unatoka vilevile, ila moto ulio ndani ya maji si uleule wa Dar es Salaam.

Matokeo kwenye vipimo: mtu anafuata muda wa mapishi ya Pwani, anatoa maharage yakiwa yameiva nje, katikati yana unga. Hayo hayajanywa maji yote. Badala ya mara 2.4 anapata 2.1 au chini ya hapo, halafu anasema hesabu ni ya uongo. Kwenye kilo 10 hiyo ni kilo 3 zimepotea, sawa na sahani 25 za gramu 120.

Namna ya kujua yameiva kwa ajili ya kupima: toa punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, zibonyeze kati ya ulimi na paa la mdomo. Zote tano zipondeke bila kiini kigumu. Moja ikikataa, endelea kuchemsha.

Sufuria ya presha inamaliza tatizo hili kwa kiasi kikubwa, ila usiijaze zaidi ya nusu ukihesabu maharage na maji. Povu la maharage huziba tundu la kutolea mvuke.

Na jambo la usalama, hasa kwa mekundu makubwa: yana sumu ya asili inayoharibiwa na kuchemka kwa nguvu. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa nguvu kabla ya kupunguza moto. Dakika 10 ndicho kiwango cha chini kinachotajwa. Kwa maji yetu ya 94 fanya nusu saa. Kuyaweka kwenye moto mdogo tangu mwanzo ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo msionje punje ambayo haijachemka sawasawa eti mnapima.

---

Kamwene Iringa

Makete umegusa penyewe. Kuna mengine mawili yanayovuruga namba.

Maharage ya zamani. Yakikaa muda mrefu kwenye stoo ya joto na unyevunyevu yanakuwa sugu. Unachemsha mpaka mkaa unaisha, hayanywi maji. Dalili yake unaiona kwenye kuloweka: mazuri yakilala usiku kucha yanafikia karibu mara mbili ya uzito, kilo 1 inakuwa kilo 1.9 hadi 2.1. Ukipima asubuhi ukakuta 1.6, na punje nyingine zimebaki ndogo zenye kung'aa, usitumie 2.4 kwenye mpango wako. Weka 2.1, ongeza manunuzi.

Magadi. Yanalainisha kweli, lakini yakizidi ganda linapasuka, punje zinavurugika. Hapo kikombe chako hakina tena gramu 185, kinapanda kupita 200 kwa sababu vipande vinaziba zile nafasi za hewa. Halafu uzito wa punje ukichuja unashuka, maana sehemu yake imekwenda kwenye mchuzi. Yaani kikombe kizito, jumla nyepesi. Yanaharibu na vitamini B1 pia. Kama ni lazima, nusu kijiko cha chai kwa kilo kinatosha.

Nyanya na ndimu zisubiri maharage yaive kwanza. Uchachu unafanya punje ikaze.

---

Lishe Kwanza

Naomba niongeze kwa wanaopima chakula kwa sababu za kiafya, hasa wenye kisukari.

Kosa kubwa ni kuchukua namba ya makavu na kuiweka kwenye yaliyoiva. Gramu 100 za maharage mekundu makavu zina kalori 333 na protini gramu 23.6. Gramu 100 za hayohayo yakiiva zina kalori 127, protini gramu 8.7 na wanga gramu 22.8. Programu nyingi za simu zina orodha zote mbili na mtu anagusa ya kwanza anayoiona. Akila gramu 150 zilizoiva, akaandika makavu, ameandika kalori 500 badala ya 190.

Kwa mgonjwa nusu kikombe cha mililita 250, yamechujwa, ni gramu 90 hivi: wanga gramu 20 au 21. Kama anakula na mchuzi, achote maharage kwa kijiko chenye matundu kwanza, apime, kisha ajiongezee mchuzi. Kupima upawa mzima wenye mchuzi hakumwambii chochote.

---

Mpishi wa Zamu

Na ya kuponda je? Kuna pishi linataka vikombe 2 vya maharage yaliyopondwa.

---

Mizani Sifuri

Ukiponda unafukuza hewa. Kikombe kizima cha punje kinashuka mpaka theluthi mbili za kikombe. Kwa hiyo vikombe 2 vya kuponda vinahitaji vikombe 3 vya punje zilizochujwa, gramu 540 hadi 550, sawa na gramu 225 hadi 230 za makavu.

Pishi likitaja kopo la gramu 400, maharage humo ndani ni gramu 240 tu, mengine ni maji ya kopo. Ni gramu 100 za makavu. Watu wanapika gramu 400 nzima kwa kila kopo halafu wanasema pishi limekuwa zito.

---

Bonde la Usangu

Na maharage mabichi ya kumenya? Msimu unakaribia.

---

Kamwene Iringa

Hayo yako nje kabisa ya hesabu hii. Yana maji tayari, zaidi ya nusu ya uzito wake. Kilo 1 iliyomenywa inaongezeka kidogo sana ikiiva. Njegere mbichi ndiyo kabisa, kilo inabaki kilo. Ukitumia 2.4 hapo watu watalala njaa. Na uzito wa sokoni ni pamoja na maganda, kwa hiyo menya kwanza ndipo upime.

---

Mwanjelwa Nafaka

Turudi kwenye send-off ya dada yetu, asije akakesha.

Watu 200. Kwenye wali, gramu 120 za punje zilizoiva kwa sahani zinaonekana na zinashibisha, hasa kama kuna na nyama. 200 × 120 = kilo 24. Ongeza asilimia 10 ya wanaorudi na yatakayoshika chini ya sufuria: kilo 26.4. Gawa kwa 2.4 = kilo 11 za makavu yaliyochambuliwa. Nunua 11.5. Kwa sado za kukatwa ni tatu na nusu na kidogo, chukua nne ulale usingizi.

---

Mizani Sifuri

Nakubaliana nawe mkuu. Namalizia upande wa sufuria na upawa, maana huko ndiko kamati hukwama.

Kilo 26.4 za punje bila hewa ni lita 24. Mchuzi mzito wa sherehe weka lita 10. Vitunguu, nyanya, karoti na nazi, lita 4. Jumla lita 38. Lakini huwezi kutumia sufuria ya lita 40, wakati wa kuchemsha kuna povu na maji ya ziada. Iwe ya lita 60, au mbili za 35. Mbili ni bora, moto wa mkaa unazifikia sawasawa na huna haja ya kukoroga kilo 40 kwa mwiko mmoja.

Loweka usiku: kilo 11 makavu ni lita 14, yakivimba yanakaribia lita 30. Ndoo mbili za lita 20 na maji juu yake hazitoshi vizuri, weka tatu.

Sasa upawa. Katika lita 38 kuna kilo 26.4. Ili sahani ipate gramu 120, upawa uwe mililita 173. Upawa wa 150 utatoa gramu 104 na chakula kitabaki. Upawa wa 200 utatoa gramu 139, na mtu wa 190 ndiye wa mwisho kupakuliwa. Kumi nyuma yake wanakula wali mkavu. Pima pawa zote za ukumbini kwa maji kabla ya saa ya chakula, chagua zinazolingana. Kama zote ni 200, weka alama ya rangi au mkwaruzo kwa ndani kwenye 175 na umwoneshe anayepakua.

---

Makete Baridi

Na wapakue yakiwa ya moto. Yakipoa mchuzi unaganda na punje zinaendelea kunywa, upawa uleule unabeba vingine kabisa.

---

Mpishi wa Zamu

Nawashukuru sana wakuu. Nimejaribu kidogo kwanza kama mlivyosema. Kablanketi gramu 500 zilizochambuliwa. Zimelowekwa saa 10: gramu 985. Zimechemshwa mpaka punje tano zote zimepondeka, saa 1 na dakika 50. Zimechujwa dakika 5 bila kukamuliwa: gramu 1,190. Kikombe cha 250 kimesoma 183.

---

Mizani Sifuri

1,190 ukigawa kwa 500 ni 2.38. Uzito wa chujio ulitoa?

---

Mpishi wa Zamu

Nilitoa. Niliweka chujio kwanza, nikarudisha sifuri.

---

Mizani Sifuri

Basi tumia 2.38 yako, achana na 2.4 yangu. Kilo 11.1 badala ya 11, ile 11.5 inatosha. Hakikisha tu zote zinatoka gunia lilelile ulilojaribia. Muuzaji akichanganya gunia jingine, chukua gramu 500 nyingine uanze upya.

---

Mwanjelwa Nafaka

Na uwaambie kamati mapema kwamba sado ya nne si ya kupeleka nyumbani 😄